Kufufua 109 Bariadi: Mwongozo kwa Asiyeogopa Kutu wala Majirani

Ukienda kununua Land Rover iliyokufa, beba nyundo ndogo, na uiache mfukoni mpaka umalize kusalimia. Simiyu hakuna kuingia kwenye mji wa mtu, ukapita moja kwa moja hadi nyuma ya zizi na kuanza kugonga mali yake. Utaamkia, utapewa kigoda, utaulizwa mvua za huko utokako, pamba imeshikaje na ng'ombe wanaendeleaje. Gari litatajwa na mzee mwenyewe, kwa wakati wake, na sentensi yake ya kwanza naiandika hapa ili usishtuke ukiisikia.

"Hili halina shida, mwanangu. Ni betri tu."

Mzee hakudanganyi. Siku ile lilipogoma kuwaka, miaka hiyo, kweli ilikuwa betri. Likasogezwa chini ya mkwaju lisubiri betri mpya, pamba ikashuka bei, betri haikuja, kuku wakaanza kutagia kwenye kiti cha dereva. Yaliyofuata yalitokea polepole, chini kwa chini, mahali ambapo hakuna aliyekuwa anaangalia. Hayo ndiyo utakayoyanunua, kwa hiyo yajue kwanza.

Mwongozo huu ni wa Land Rover 109 Series III, iliyotengenezwa kuanzia 1971 hadi 1985. Hiyo 109 ni idadi ya inchi kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma, kama mita 2.77. Utaitambua kwa taa kubwa zilizokaa kwenye madigadi badala ya kubanana katikati, na kwa saa za dashibodi zilizo mbele ya dereva. Kwenye Series II saa hizo ziko katikati ya gari, na abiria naye anausoma mwendo. Utaniuliza kwa nini nisikushauri Toyota Land Cruiser ya miaka hiyo hiyo, gari ambalo kila kijiwe cha Bariadi kitakutetea. Jibu langu ni bodi. Baada ya Vita Kuu ya Pili chuma kilikuwa adimu Uingereza, hivyo Land Rover ilipozinduliwa kwenye maonyesho ya magari ya Amsterdam tarehe 30 Aprili 1948 ilikuja na bodi ya aluminiamu. Shida yao ikawa neema yetu. Land Cruiser ya zamani ikioza, inaoza ngozi na wewe unanunua tundu. Land Rover ngozi yake inabaki, mifupa ndiyo inayoliwa. Zaidi ya hapo, bodi ya 109 inafunguka kipande kwa kipande. Huhitaji kreni. Unahitaji wanaume sita na chakula cha mchana.

Magari haya hayakuja huku kutalii. Yaliletwa na serikali, vyama vya ushirika vya pamba, jineri, misheni, na askari wa wanyamapori waliokuwa wakizunguka upande wa Serengeti na Pori la Akiba la Maswa. Wakati huo Mkoa wa Simiyu haukuwepo: Bariadi, Maswa na Meatu zilikuwa Shinyanga, Busega ilikuwa upande wa Mwanza, mpaka mkoa ulipoanzishwa mwaka 2012. Kwa hiyo ukikuta mlangoni maandishi yaliyofifia yanayoitaja Shinyanga, usikimbilie polisi. Kisha kumbuka ni miaka gani gari hilo limeipitia. Vita vya Kagera, 1978 na 1979, vilichukua magari mengi ya mashirika na ya watu binafsi kwenda kubeba askari na mizigo. Miaka iliyofuata fedha za kigeni zilikauka, na spea zikakauka nazo. Mafundi wa wakati ule walichonga bushi za springi kutoka kwenye tairi kuukuu, waliziba tangi linalovuja kwa kipande cha sabuni, waliunganisha chesisi kwa majani ya springi yaliyovunjika. Yote hayo utayakuta. Usiyacheke. Hayo ndiyo yaliyolibakiza gari barabarani mpaka wewe ukazaliwa.

Sasa toa nyundo

Chesisi ya 109 ni bamba la chuma lililokunjwa na kuchomelewa likawa boksi, tupu ndani. Udongo mweusi wa mbuga zetu ukilowa unavimba na kunata, ukikauka unapasuka, na ukiingia ndani ya boksi lile hautoki. Watu hudhani kiangazi cha Bariadi, Juni mpaka Septemba, kinalinda gari dhidi ya kutu. Kinalinda nje. Kutu ya Tanga na Dar es Salaam inaletwa na hewa ya chumvi. Ya kwetu inaletwa na tope lililojificha, ambalo linabaki na unyevu wakati ardhi yote inayolizunguka imekauka.

Lala chini, anza mbele, gonga kila baada ya upana wa kiganja mpaka ufike nyuma. Chuma kizima kinalia juu, kinaitikia. Chuma kilichooza kinajibu kwa sauti nzito iliyokufa, na wakati mwingine nyundo inaingia ndani na kubaki huko. Sikiliza kwa makini sehemu nne: krosimemba ya mwisho kule nyuma, mikono ya pembeni inayobeba ukuta wa injini, masikio yanayoshika springi, na sehemu iliyofunikwa na tangi la mafuta. Krosimemba ikiwa imeoza, endelea na mazungumzo; karibu zote zimeoza. Sehemu zote nne zikiwa zimeoza, shukuru kwa maziwa, aga vizuri, nenda kwa mzee mwingine.

Ukipatana bei, usilipe bado. Tafuta namba ya chesisi. Imegongwa kwenye chuma chenyewe, upande wa kulia mbele, karibu na sikio la springi. Piga brashi la waya taratibu, pakaza chaki (Maswa wanazitengeneza, huna sababu ya kuzikosa), futa juu juu, namba itajitokeza nyeupe. Ilinganishe na kadi, tarakimu kwa tarakimu. Kama gari linatajwa kuwa la marehemu, anayekuuzia awe msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, siyo kijana mkubwa aliyeshika ufunguo. Mamlaka ya Mapato itataka kadi halisi na mkataba wa mauziano, na haitapokea maelezo ya betri. Wapo wanaoyaogopa magari haya kwa sababu ya madeni ya leseni ya barabara ya kila mwaka. Ada hiyo ilifutwa mwaka 2017, ikahamishiwa kwenye bei ya mafuta, na malimbikizo yakasamehewa. Lakini jambo moja lishike mpaka mwisho wa kazi: kile kipande chenye namba hakikatwi, hakisagwi, hakifunikwi kwa kiraka. Ukikipoteza, una gari lisilo na jina.

Kufungua

Kabla ya kutia mkono chini ya kiti, tia fimbo. Gari lililokaa miaka nje lina wapangaji, na si wote ni kuku. Nyuki hupenda chesisi, nyoka hupenda chini ya viti, na panya ameshakula nyaya zote kuanzia kwenye fyuzi. Subiri, gonga gonga, halafu endelea.

Kisha utaikuta shida ambayo vijana wengi wa gereji hawaitegemei: spana zako haziingii. Gari hili limefungwa kwa inchi. Spana namba 13 inaingia kwenye nati ya nusu inchi, ila nusu inchi ni milimita 12.7, kwa hiyo inacheza kidogo, na huo mchezo mdogo, juu ya nati iliyoshikwa na kutu ya miaka, unakula kona sita zote mpaka nati inakuwa duara. Ukifika hapo umepoteza mchana mzima kwa bolti moja. Nunua au azima seti ya inchi: 7/16, 1/2, 9/16 na 3/4 zitafungua sehemu kubwa ya gari. Mafundi wazee wa majineri ndio wenye nazo, zimefungwa kwenye kitambaa chenye mafuta, na hawaziazimishi kwa mtu asiyejua kuamkia. Nati lowesha kwa dizeli jioni, rudia asubuhi, rudia tena jioni, ndipo uguse. Ikigoma, ikate. Bolti mpya ni bei ndogo kuliko mkono uliovunjika kidole.

Piga picha kila kitu kwa simu kabla ya kukifungua, na tena kikiwa nusu. Kila kundi la bolti liwe na kopo lake na karatasi yake: mlango wa kushoto, bawaba za juu; sakafu, upande wa dereva. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku tarehe 1 Juni 2019, na hata ingekuwepo bolti zingeitoboa. Makopo ya maziwa ya unga na ndoo ndogo za rangi ni bora. Springi ziandike kushoto na kulia kwa rangi isiyofutika, kwa sababu hazilingani: ya upande wa dereva imepinda zaidi ili kubeba uzito wake na wa tangi. Ukizichanganya, gari lako litasimama limeinama upande mmoja maisha yake yote, na kila atakayeliona atakuuliza kulikoni.

Usitupe kitu. Nasema kitu chochote. Land Rover ya kwanza kabisa ya uzalishaji, yenye namba ya chesisi 860001, ilikaa miaka mingi ikioza kwenye shamba huko Northumberland, kaskazini ya Uingereza, na walioifufua walihangaika kubakiza mabati yake ya asili pamoja na mikwaruzo yake. Hawakuwa na upungufu wa pesa ya kununua mapya. Walijua kipande cha asili, hata kilichopinda, ndicho kipimo cha kutengenezea kingine. Krosimemba iliyooza ndiyo itakayomwonyesha fundi matundu yakae wapi.

Siku ya kuinua

Bodi inatoka kwa mpangilio huu: milango, paa, kioo cha mbele, viti, sakafu, madigadi, kisanduku cha nyuma, na mwisho kabisa ule ukuta wa injini. Kabla ya kulegeza bolti ya kwanza, pima uwazi kati ya milango na nguzo zake, juu na chini, pande zote, uandike kwenye daftari la shule na si kiganjani. Vipimo hivyo ndivyo utakavyovirudia siku ya kufunga, na bila hivyo milango yako itafungwa kwa kamba.

Chagua Jumamosi, baada ya pamba kuuzwa, watu wakiwa na nafasi. Paa linabebwa na wanne, kisanduku cha nyuma na sita. Watakuja kumi na tano, na hilo ndilo tatizo la kweli la siku hiyo, maana kila mmoja ana njia yake ya kuinua. Teua sauti moja. Awe mtu mzima anayeheshimiwa, asimame mbele, na neno lake liwe ndilo amri: yeye akisema twende, ngosha wote wanakwenda, akisema shusha, hakuna anayebishana akiwa ameshika bati lenye makali. Wape glavu za ngozi. Wape matobolwa na karanga asubuhi, ugali na nyama mchana. Na weka sheria ya kudumu tangu siku hiyo: mwenye ushauri ashike spana. Majirani watapungua nusu, na nusu itakayobaki ndiyo timu yako.

Vipande viweke ndani, juu ya magogo, vimefungiwa. Aluminiamu iliyoachwa nje haiozi lakini inatembea. Wapo mafundi hodari wa kuyeyusha aluminiamu wakapata sufuria, na mlango wa 109 unatoa sufuria nzuri tu.

Baki na chesisi peke yake uwanjani, na utulie uiangalie. Hapo ndipo wengi wanakata tamaa. Gari lililokuwa na sura sasa ni reli mbili za kutu zenye ekseli, mama watoto anapita na ndoo akiangalia pembeni, na mtoto anauliza kama lile gari limekufa tena. Mjibu ukweli: bado halijaanza kupona.

Chesisi ndiyo gari

Kama mwongozo huu wote ungechanwa ukabaki ukurasa mmoja, ningeomba ubaki huu. Rangi unaweza kupaka mwakani. Viti unaweza kushona wakati wowote. Chesisi iliyochomelewa ikiwa imepinda haisahihishwi na kitu chochote kitakachowekwa juu yake, na chesisi iliyofunikwa viraka juu ya uozo itakatika siku ambayo umebeba magunia na watu. Nimeshaona magari mengi yanayong'aa Simiyu na Mwanza ambayo mwenyewe hajawahi kulala chini yake hata mara moja.

Anza kwa kuosha ndani. Ingiza mpira wa maji kwenye tundu la mbele, mtu mwingine agonge kando kwa nyundo ya mbao. Mwanzo hakitoki kitu. Halafu yanatoka maji meusi, halafu vinatoka vipande vya udongo vilivyoshikamana kama matofali madogo, na ukivivunja unaona nywele za katani, mchanga wa barabara za zamani, na mbegu za pamba, bado zina manyoya yake. Endelea mpaka maji yatoke meupe. Ukifungua krosimemba ya nyuma kwa grenda utakuta udongo uliobaki umejaa humo, umekaa pale ambapo chuma kimekuwa chembamba kama karatasi.

Kisha sawazisha. Weka chesisi juu ya stendi nne imara. Mawe na matofali hayabebi gari ambalo binadamu ataingia chini yake. Usawa upime kwa mpira mwembamba wa maji, ule ule wanaotumia waashi, ncha moja mbele kushoto, nyingine nyuma kulia. Vuta kamba kutoka kona hadi kona, pande zote mbili: urefu ulingane. Ukishapata mraba, chomelea vyuma vya muda kuvuka reli mbili ili zisisogee, na baada ya hapo ndipo ukate uozo. Ukikata kwanza, chesisi itafunguka, na utaichomelea kwa umbo jipya la kwake.

Kata mpaka ufike kwenye chuma kinachong'aa. Usichomelee kiraka juu ya kutu, kwa sababu moto hauiui kutu, unaifungia ndani. Bamba jipya liwe la milimita 2 hadi 3. Bati la kuezekea halina kazi hapa. Ondoa tangi la mafuta nje ya uwanja kabisa kabla ya cheche ya kwanza. Tangi tupu ni hatari kuliko lililojaa, kwa kuwa mvuke ndio unaolipuka, na wapo mafundi waliokufa wakichomelea tangi walilodhani limekauka. Fundi wako avae kioo halisi cha kuchomelea. Miwani ya jua haizuii mwanga ule, na kijana anayechomelea nayo leo ataamka usiku macho yakiwa yamejaa mchanga usiokuwepo. Akiendelea hivyo miaka, hayatakuwa macho tena. Mnunulie kioo hicho wewe. Na umlipe kwa siku, siyo kwa kiraka. Anayelipwa kwa kiraka ataziona sehemu nyingi zinazohitaji viraka, na hatakuwa na haraka ya kukushauri ubadilishe kipande chote.

Baada ya hapo ni praima ya zinki, rangi nzito, na dawa ya ndani. Wenzetu wa ng'ambo huichovya chesisi nzima kwenye zinki iliyoyeyuka, nyuzi kama 450. Ukiweza kupata huduma hiyo, tumia. Usipoweza, nta ya nyuki unayo. Yeyusha nta ndani ya sufuria iliyokaa ndani ya sufuria nyingine ya maji moto, nje, mbali na nyumba, changanya na oili safi mpaka iwe laini ya kupulizwa, iingize ndani ya boksi ikiwa bado vuguvugu. Matundu ya chini ya kutolea maji yaache wazi. Fundi yeyote atakayependekeza kuyaziba ili tope lisiingie, mshukuru na umkatalie.

Ukuta wa injini ni wa chuma, na ndio wenye kubeba milango. Unaoza pale miguu inapokaa na kwenye nguzo. Utengeneze kwa utaratibu ule ule, daftari la vipimo likiwa wazi kando, na usichomelee mwisho mpaka milango imejaribiwa ikiwa imening'inia.

Vya ndani

Injini nitaipita upesi, kwa sababu mafundi wa kushusha injini Kanda ya Ziwa wapo na wanaijua. Kwa kawaida ni silinda nne, sentimita za ujazo 2,286, na mpangilio wa moto ni 1-3-4-2. Kama ni ya petroli, mwambie fundi wa kuchonga aangalie viti vya valvu za ekzosti: ilibuniwa enzi za petroli yenye risasi, na petroli hiyo iliondolewa Afrika kusini mwa Sahara kufikia mwanzo wa 2006. Viti vigumu vya kupachika vitaokoa hedi. Uwazi wa valvu ni inchi 0.010. Utashauriwa utupe injini hii uweke dizeli ya Toyota. Mimi nashauri ubaki na ya asili kama bloku haijapasuka, kwa kuwa inafunguka kwa vifaa vya kijijini na haina kompyuta; ukibadilisha, namba mpya ya injini iingizwe kwenye kadi kabla hujaliweka barabarani.

Breki hazipitwi upesi. 109 ina dramu za inchi 11 kwenye magurudumu yote manne. Bitana za zamani huenda zina asbesto, kwa hiyo usipulize vumbi la dramu kwa upepo wa kompresa. Lowesha, futa kwa kitambaa, fukia kitambaa. Mabomba ya breki, mipira na silinda zote ziwe mpya, hata zile zinazoonekana nzima. Hapa hakuna kubana matumizi. Kama pesa imeisha, gari lisubiri msimu mwingine wa pamba likiwa limesimama.

Nyaya weka mpya zote, na ufuate rangi za asili, maana aliyezipanga alikuwa na mpango: kahawia inatoka betri moja kwa moja, nyeupe inatoka kwenye swichi, kijani imepita kwenye fyuzi, nyekundu ni taa ndogo, nyeusi ni athi. Ukitumia waya mwekundu kwa kila kitu kwa sababu ndio uliokuwepo dukani, fundi wa baadaye atakulaani akiwa gizani katikati ya Meatu. Athi ifungwe kwenye chesisi iliyokwanguliwa rangi. Nusu ya taa zinazogoma kwenye magari haya zinaponea hapo.

Kwa spea, Arusha ndiyo nyumbani kwa Land Rover nchini. Oktoba 2024 walizikusanya kwa mamia kwenye tamasha lao, na miongoni mwake zilikuwemo za umri wa babu zetu, zinatembea. Nenda na kipande cha zamani mkononi, usiende na maelezo. Tairi hazitakusumbua: 7.50-16 zinapatikana hapa hapa.

Rangi ni ya mwisho. Chagua moja, isiyong'aa sana, utakayoweza kuirudishia mwenyewe kwa brashi baada ya miiba ya kwanza.

Safari ya kwanza isiwe Mwanza. Nenda Nyakabindi, kwenye viwanja vya Nane Nane vilivyopokea maonyesho ya kitaifa 2018 mpaka 2020, urudi. Kifundo cha njano ukikibonyeza unapata magurudumu manne. Leva nyekundu inakupa gia nzito, na iguse gari likiwa limesimama. Rudi, lala chini, tazama kila kiungo kinachovuja. Baada ya kilomita 500, kaza yu-bolti zote za springi, kaza hedi, badilisha oili. Kisha lipe kazi: libebe pamba, lipeleke maji, lisafirishe mgonjwa usiku wa masika njia ya mbuga inapoteleza. Liliundwa kwa hayo.

Na wewe mwenye 109 nyuma ya ghala, Maswa, Itilima, Meatu au Busega, usiye na mpango wa kulifufua: wanunuzi wa chuma chakavu wanalipa kwa kilo, na wanalikata papo hapo uwanjani kwako. Likishakatwa, namba yake imekufa, na hakuna fundi wa Bariadi wala wa Arusha anayeweza kuirudisha. Gari jingine la umri huo huwezi kuagiza bila ushuru wa uchakavu. Hili tayari liko nyumbani na limesajiliwa. Litangaze kwanza kijijini, gereji na sokoni. Liuze zima, pamoja na kadi yake.